Kibanio cha Mjakaranda

Kila Jumamosi, kabla jua halijapasha mabati joto, Mwelu alikuwa ameshachota maji, ameshafagia uwanja na kumfukuza jogoo wa jirani, ambaye alikuja kulalamika mlangoni kwao kila asubuhi kama mtu aliyenyimwa haki yake. Baada ya hapo alinawa mikono, akasimama kwa ncha za vidole na kutungua msumarini vitu viwili alivyovithamini kuliko vyote nyumbani: ufunguo wa boti na kamba yake nyekundu.

Boti ilikuwa mali ya kikundi cha uokoaji cha bwawa la Masinga. Bwawa lenyewe ni pana kiasi kwamba mgeni akilitazama mara ya kwanza huuliza kama Mombasa imehamia Ukambani bila kuaga. Mama yake Mwelu, Kanini, alikuwa mwanachama wa kikundi, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na gati, ufunguo ulilala kwao. Kazi ya Mwelu ilikuwa kuufikisha ufunguo na kamba kwenye boti, akae kando, atazame.

Mwalimu wa kikundi alikuwa Kapteni Nurudin, mzee wa Machakos mjini ambaye wazazi wake walitoka Mombasa zamani. Alikuwa amestaafu baada ya kuendesha boti za kuvuta meli bandarini. Alipenda kusimulia jinsi alivyowahi kuongoza meli katika mvua nzito sana hata samaki wakapotea njia, ikabidi wamfuate yeye. Wanafunzi walicheka. Lakini lilipokuja suala la kamba nyekundu, Kapteni hakuwa na mzaha.

"Hii si kamba," alisema kila mara akiinyanyua. "Huyu ni mtu mwingine ndani ya boti, na kazi yake ni moja tu. Upande huu unafungwa mguuni kwa nahodha. Upande huu una kibanio, kinaingia hapa nyuma ya kitufe cha injini. Nahodha akianguka majini, kibanio kinachomoka, injini inakufa papo hapo. Kisipochomoka, boti itazunguka na kurudi kumkata na pangaboi. Boti haina huruma, wanangu."

Mwaka huo kikundi kilikuwa kinapeleka mtu mmoja Kilifi kwa mafunzo ya juu: kuendesha boti ya kasi baharini, kusoma ramani za pwani, kupita katikati ya miamba ukiongozwa na dira. Angekwenda yule ambaye angefaulu mtihani wa Kapteni. Kanini alikuwa amejiandaa kwa miezi mingi. Jioni alitandaza ramani mezani, maharagwe yakawa meli, vijiti vya kiberiti vikawa mawimbi, na chakula kikangoja mpaka meli zote zifike bandarini salama. Wengine kikundini walikuwa wamekubali kwamba zamu ni yake, akifaulu Jumamosi.

Basi mambo yaliharibika Ijumaa, wakati wa mapumziko shuleni.

Siku moja kabla, Linet, ambaye alikaa dawati moja na Mwelu, alikuwa amemcheka mbele ya wenzao. "Ati mamako anaenda kufundishwa bahari? Wee! Mtu wa Masinga na bahari wapi na wapi? Ataenda kuendesha sufuria!"

Darasa zima lilikuwa limeangua kicheko. Kwa hiyo Ijumaa Mwelu alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Aliitungua kamba msumarini, akaitia mkobani chini ya vitabu, akaenda nayo shuleni.

"Haya, mliocheka njooni muone," alisema, akaining'iniza mbele yao. "Sufuria gani iko na hii?"

Walimzunguka. Kila mmoja alitaka kuigusa. Kamba ilijikunja na kujikunjua kama nyoka mwekundu, na mwishoni kilikuwa kile kibanio cha plastiki chenye umbo la kiatu cha farasi. Linet aliivuta upande wake. Mwelu akaivuta upande wake. Kamba ikawaponyoka, ikaanguka kwenye ngazi ya saruji, na Kisilu aliyekuwa anakimbilia mpira akatua pale pale kwa kiatu chake.

Kra!

Kibanio kilikuwa vipande viwili.

"Mimi sijaona kitu," Linet alisema haraka. "Na wewe hujaniona."

Kisilu aliokota vipande, uso umemshuka. "Pole, Mwelu. Sikuona. Si umwambie tu mamako? Mimi naweza kuja nimweleze ni mimi nilikanyaga."

"Nimwambie nini? Kesho ni mtihani wake! Kapteni akisikia kamba imevunjika, mtihani hakuna. Na Kilifi hakuna. Na yote ni mimi." Alivipokonya vile vipande na kuvificha mfukoni.

Jioni alipitia nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha baba yake. Baba yake, Mutiso, alikuwa mchongaji kutoka Wamunyu, na siku ile alikuwa amekwenda mjini Machakos na mzigo wa twiga na vifaru. Mwelu alikuwa ameshika patasi tangu akiwa mdogo. Alichukua kipande cha mjakaranda, akavipanga vile vipande viwili vya plastiki juu yake, akachora, akaanza kukata.

Alichonga ulimi ukiwa nje pembeni ya mdomo. Alipiga msasa. Alipaka rangi nyekundu nje, ila upande wa ndani aliuacha mtupu, kwa sababu rangi ilikifanya kikaze. Kisha akakifunga kwenye kamba, akakimbia hadi kwenye boti, akakisukuma nyuma ya kitufe. Kikaingia. Akavuta kamba. Kikachomoka bila taabu. Akarudia, kikachomoka tena.

Ukweli usemwe, kilikuwa kizuri. Kiwanda kilichotengeneza kile cha kwanza kingekiona, wafanyakazi wangekuja Masinga kwa miguu kuomba kufundishwa. Mwelu alikigeuzageuza kiganjani, na ile hofu iliyokuwa imemkaba tangu mchana ikalegea, mahali pake pakaingia majivuno kidogo.

Wakati wa chakula mama yake aliitazama kamba msumarini, akatabasamu. "Unajua, Mwelu, katika haya maandalizi yote, kitu sijawahi kuhangaikia ni hicho. Wewe hujawahi kukiweka vibaya hata siku moja."

Mwelu aliliweka chini tonge la ugali. "Mwaitu," alisema, kama wanavyowaita mama zao nyumba nyingi za Wakamba.

"Ee, mwanangu?"

Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Pale yakageuka na kurudi.

"Nataka upite kesho."

"Nitapita," mama alisema, akahamisha haragwe moja kwenye ramani.

Asubuhi upepo ulikuwa umeamka kabla ya watu. Maji yalikuwa yanapiga gati kwa hasira. Kapteni Nurudin alifika na kofia yake na maandazi yake kwenye karatasi, akasalimia, akapanda botini. Jamal, kijana wa kikundi aliyechaguliwa kumsaidia nahodha siku ile, alikaa mbele na ramani. Mtoto haruhusiwi botini wakati wa mtihani, kwa hiyo Mwelu alibaki gatini na redio ya mkononi. Kazi yake ilikuwa kuwaarifu akiona mtumbwi wa wavuvi ukikatiza.

"Kabla ya safari, tunafanya nini?" Kapteni aliuliza.

"Tunajaribu kamba," Kanini alijibu. Akawasha injini, ikanguruma mpaka kuku wa kijiji kizima wakainua shingo. Akavuta kamba. Puf! Kimya.

"Safi kabisa. Rudisha, twende."

Mwelu akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia. Kilikuwa kimechomoka. Nani angejua?

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri hata Mwelu akaanza kufurahi. Kapteni alikuwa ametega mitungi ya plastiki juu ya maji, mingine myekundu, mingine ya kijani, kuonyesha njia ya kuingia bandarini. Kanini aliipita yote bila kuigusa, myekundu kushoto, ya kijani kulia. Kisha Kapteni akamkalisha chini nyuma ya turubai asione nje, akampa ramani, dira na saa, Jamal akashika usukani. "Geuza kulia kidogo," Mwelu alimsikia mama yake redioni. "Shikilia hapo. Hesabu yangu inasema tuko karibu na mtungi wa mwisho." Na kweli, Kapteni alipofunua turubai, mtungi ulikuwa pale, ukicheza mbele ya pua ya boti.

"Mashallah!" Kapteni alipaza sauti. "Huyu mama ana dira tumboni!"

Mwelu aliruka kwa furaha. Lakini upepo ulikuwa umezidi. Kila wimbi lilirusha maji ndani ya boti, juu ya usukani, juu ya kitufe, juu ya kila kitu.

Hapo ndipo Susu Mbinya, bibi kizee jirani yao, alipoteremka ukingoni na jembe lake. Hakuwa na haraka. Alilitumbukiza jembe majini, upande wa chuma chini, akaegemeza mpini kwenye jiwe, akaketi.

"Susu, unaosha jembe?" Mwelu aliuliza, macho yake yakiwa kwenye boti.

"Nilioshe, linaenda kanisani? Mpini umelegea. Jana nilikuwa nalima, chuma kikaruka kikataka kuniua. Naulowesha."

"Ukilowa utafanya nini?"

Susu Mbinya alimcheka. "Na wewe ni mtoto wa Mutiso! Hujui mti ukikunywa maji unanenepa? Saa hizi natingisha, unacheza. Ngoja kidogo. Utashika chuma hata uite ng'ombe wawili wavute, hautoki."

Mwelu alihisi kama mtu amemmwagia maji ya baridi mgongoni.

Mti ukikunywa maji. Upande wa ndani wa kibanio, ule alioacha bila rangi. Asubuhi kilikuwa kikavu, ndiyo maana kilichomoka. Sasa kilikuwa kimekunywa maji muda wote huo. Mahali fulani pale mbali, nyuma ya kitufe, kilikuwa kinanenepa, na upande wa pili wa kamba ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa mama yake.

Redio ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Kapteni. "Haya, Kanini, zoezi la mwisho. Gunia lile ni mtu anazama. Mwendo wote, kona kali, umfikie. Ukimleta huyo, begi lako la Kilifi lipakie leo leo."

Zoezi la mwisho. Mwendo wote.

Mwelu aliinua redio. Kidole kikabonyeza. Akafikiria Kapteni akisikia, Jamal akisikia, mama yake akisikia, na mtihani ukifa pale pale, umebaki kidogo tu kwisha. Labda angeweza kuwasimamisha tu. Wasimame, warudi, achomoe kile kitu mwenyewe kabla mtu hajaona.

"Kiboko!" alipiga kelele redioni. "Kuna kiboko mbele yenu! Rudini!"

Katika bwawa lile kiboko si jambo la mzaha. Akikasirika, hupindua boti kama mtu anayegeuza chapati. Kanini hakungoja kuuliza yuko wapi. Aliukata usukani kushoto kwa nguvu zake zote, boti ikalala ubavu, ikaacha maji wazi na kuelekea upande ambao kila mtu Masinga anaukwepa: kule kwenye miti ya zamani iliyozama, ambayo visiki vyake hujificha chini kidogo tu ya maji wakati wa kiangazi.

"Si huko!" Mwelu alilia. "Mwaitu, si huko!"

Boti ilipiga kisiki.

Iliruka, na Mwelu akaona chini yake kana kwamba ni samaki. Kapteni alianguka sakafuni nyuma. Kanini alirushwa ubavuni, nusu yake nje, kichwa karibu na maji. Jamal alimrukia na kulishika jaketi lake la kuokolea kwa mikono yote miwili. Injini haikuzimika. Boti ilianza kuzunguka peke yake, mduara mkali, haina mtu kwenye usukani, na kila mzunguko uliisogeza karibu na visiki vingine.

Kamba nyekundu ilikuwa imenyooka kama waya wa simu kati ya mguu wa Kanini na kitufe. Kapteni alitambaa, akaishika, akaivuta. Haikutoka. Akaivuta tena, mguu ameukita ubaoni. Haikutoka.

"Inakuwaje hii?" Sauti yake ilisikika redioni, na kwa mara ya kwanza Mwelu alisikia hofu ndani yake. "Kamba haitoki! Haitoki!"

"Siwezi kumshikilia!" Jamal alilia.

Mwelu hakufikiria tena juu ya Kilifi wala aibu wala kitu kingine.

"Kapteni! Hakuna kiboko, nimedanganya! Kibanio si cha kweli, ni cha mti! Nilichonga mimi! Kimevimba, hakitatoka! Zima na ufunguo! Acha kamba, zima na ufunguo!"

Sekunde moja mkono wa Kapteni ulibaki kwenye kamba. Kisha aliiachia, akajitupa mbele, akazungusha ufunguo.

Kimya kilishuka juu ya bwawa lote. Boti iliteleza kidogo, ikagusa kisiki taratibu, ikasimama. Jamal alivuta, na Kanini akaingia ndani, akikohoa, amelowa mpaka kiunoni. Pangaboi lilikuwa bado linamalizia kuzunguka, hatua moja tu kutoka pale alipokuwa amening'inia.

Walirudi kwa makasia. Safari ile fupi ilikuwa ndefu kuliko kwenda Nairobi kwa kutambaa. Susu Mbinya alikuwa amesimama nyuma ya Mwelu, mkono wake begani mwake.

Boti ilipogusa gati, Mwelu alitaka kukimbia, lakini alibaki pale pale. Mama yake alishuka, mkono umechubuka. Alimtazama mtoto wake.

"Sema," alisema. "Yote. Mwanzo mpaka mwisho."

Mwelu alisema yote. Linet, sufuria, ngazi ya saruji, kiatu cha Kisilu, mjakaranda, rangi, kiboko. Hakumwekea mtu mwingine lawama, na hakuacha kitu. Alipomaliza alikuwa analia mpaka mabega yanatikisika.

Kapteni Nurudin alikuwa amechukua koleo. Alikibana kibanio, akakipinda huku na huku, kikatoka kikilia kwi-i-i. Alikishika kwenye mwanga, akakigusa kwa ukucha.

"Umechonga vizuri," alisema. "Vizuri mno. Kingekuwa kibaya ningekiona, ningekikataa. Mama yako alivuta kamba asubuhi, ikakubali, nami nikaridhika. Tuliijaribu kavu. Sikukitazama." Alitikisa kichwa. "Hilo ni langu, nitalibeba. Sasa hebu njoo hapa, mwanangu."

Alifungua begi lake, akaingiza mkono chini ya kofia ya mvua na karatasi ya maandazi, akatoa kamba nyekundu mpya kabisa, ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Mwelu aliitazama, mdomo wazi.

"Kila boti lazima iwe na ya akiba," Kapteni alisema. "Hizi huvunjika. Zimewahi kunivunjikia mimi, zimewavunjikia manahodha wenye meli kubwa kuliko soko la Tala. Ungekuja asubuhi ukaniambia, 'Kapteni, imevunjika,' ningekugombeza kidogo, ningekupa hii, na mama yako angekuwa njiani kwenda kupakia begi."

"Nilifikiri mtihani utaisha," Mwelu alinong'ona.

"Na mtihani umeisha," Kanini alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Mwelu, kuvunja kitu si kosa kubwa. Hata kukitoa nyumbani ningekusamehe kabla ya chajio. Lakini jana ulikuwa mezani na mimi, ukanitazama machoni, ukaniacha nifunge mguu wangu kwenye kitu unachojua si cha kweli. Na leo ulipogundua hatari, bado ulitafuta uongo wa kuifunika. Huo wa pili ndio ulitupeleka kwenye visiki."

"Nisamehe, Mwaitu."

Kanini alimvuta mtoto wake kifuani, nguo zake zikiwa bado zinachuruzika maji, akamshika kwa nguvu. "Nimekusamehe. Mwishoni ulisema, na ukasema ukijua kila mtu anasikia. Kwa hilo niko hapa nimesimama. Lakini ufunguo hutaushika tena mpaka nikuambie. Utakaa kwa Jamal."

Mwelu aliitikia kwa kichwa. Iliuma, lakini hakubisha.

Jumamosi iliyofuata mtihani ulirudiwa tangu mwanzo, baada ya fundi kuikagua boti upande wa chini. Kisilu alikuja na mama yake kuomba radhi. Linet naye alikuja, akajifanya anapita tu, mwishowe akasema, "Nilivuta hata mimi," akaondoka mbio. Kanini alifunga kamba mguuni. Kapteni aliitazama, akaivuta kavu, akaimwagia maji, akaivuta tena. Halafu akafanya jambo jipya.

"Kabla hatujawasha," alisema, akiwatazama wote, wa botini na wa gatini, "kuna mtu ana neno? Chochote. Hatagombezwa."

Watu walitazamana. Mwelu akainua mkono.

"Nimekula andazi lako moja, Kapteni. Wakati ulikuwa unaongea na Susu."

Gati lote lilicheka, Kapteni akijishika tumbo. Kicheko kilipopungua, Jamal alikohoa, akaangalia vidole vya miguu yake.

"Na mimi... mfuniko wa tangi la mafuta. Nafikiri sijaukaza. Nilikuwa na haraka."

Hakuna aliyecheka tena. Kapteni aliinama, akaugusa mfuniko. Ulizunguka kwa kidole kimoja. Akaukaza, akainuka, akamgeukia Mwelu na watoto wengine waliokuwa wamejipanga gatini.

"Mmeona? Mtu mzima naye husahau. Kila mtu hukosea, hata nahodha mwenye ndevu nyeupe kama mimi. Kosa lililosemwa mapema linarekebishwa kwa kidole kimoja. Likifichwa, linakaa ndani ya boti, linangoja wimbi. Na siku likitoka halichagui aliyelificha. Linamchukua yeyote aliyefunga kamba. Kwa hiyo semeni. Semeni mkiwa bado nchi kavu."

Kisha alimpa ishara Kanini, naye akawasha injini.

Alifaulu. Safari hii alimleta hata yule mtu wa gunia bila kumlowesha kichwa, au ndivyo Kapteni alivyowasimulia watu Machakos mjini. Mwisho wa mwezi ule alipanda basi la kwenda Kilifi, na tangu siku hiyo hakuna boti ya kikundi inayoondoka gatini Masinga kabla mtu hajauliza, "Kuna mtu ana neno?" na kungoja jibu.